Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: kabla ya vishikwambi, turuhusuni kusema "ngoja niangalie"

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,
Ndugu Waganga Wakuu wa Halmashauri,

YAH: PROGRAMU YA MWONGOZO WA TIBA KATIKA VITUO VYOTE VYA MKOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miaka kumi na minne ya utumishi imenizoeza kuanza hivyo, iwe naomba likizo, naomba glavu, au najieleza kwa nini taarifa ya mwezi haikufika wilayani tarehe 7. Safari hii naandika hadharani kwa sababu barua zinazopita kwenye ngazi za kawaida hufika juu zikiwa zimenyolewa. Kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, inaondoka sentensi moja, wilayani zinaondoka mbili, na kwako Daktari inafika ikisema "watumishi wameupokea mpango kwa furaha".

Tumeupokea kwa furaha, hilo ni kweli. Tumeambiwa kwenye kikao cha robo mwaka kwamba kuanzia mwaka ujao wa fedha kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya mkoa huu itapewa kishikwambi chenye programu ya mwongozo wa tiba. Unaingiza umri, uzito na dalili, yenyewe inakuongoza cha kuuliza, cha kupima, dawa na dozi. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, na nasema mapema ili nisije nikahesabiwa kwenye kundi la wapinga maendeleo: nakitaka hicho kishikwambi. Nakitaka kuliko nilivyotaka pikipiki ya kituo.

Acheni niwaeleze usiku mmoja.

Ilikuwa masika, umeme umekatika, niko zamu peke yangu na muuguzi mmoja ambaye naye alikuwa leba na mama anayejifungua. Akaletwa mtoto wa kilo 9, amelegea, ameshapata degedege mara mbili njiani kwenye bodaboda. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mistari miwili kabla hata sijamaliza kuandika jina. Malaria kali. Artesuneti tunayo kabatini. Ukutani kuna bango linasema miligramu 2.4 kwa kila kilo. Nimeshika bomba la sindano, nikakumbuka kwa mbali kwamba watoto wadogo wana dozi yao tofauti. Ni 3? Ni chini ya kilo 20 au chini ya 25? Nikampigia mwenzangu wa hospitali ya wilaya, hakupokea. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la matabibu. Majibu mawili yakaja ndani ya dakika mbili, na kila mmoja alikuwa na uhakika wake.

Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, kile kitabu kinene, kilikuwa mita nne kutoka niliposimama, ndani ya kabati. Na hata PDF yake ninayo kwenye simu. Sikuifungua. Mama wa mtoto alikuwa ananitazama usoni, bibi wa mtoto ananitazama mikono, na mimi nikaona aibu kusimama mbele yao nasoma kama mwanafunzi. Nikafuata bango. Nilimpa miligramu 21.6 wakati alistahili 27, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilibadilisha dozi ya watoto wa chini ya kilo 20 kuwa miligramu 3 kwa kilo tangu 2015, na bango letu lilikuwa la kabla ya hapo. Tofauti ni kama nusu mililita kwenye bomba. Mtoto alipona, na dozi ya pili baada ya saa 12 alipata iliyo sahihi, maana nilipotulia alfajiri nilifungua simu chooni nikasoma. Chooni, Daktari. Huko ndiko matabibu wenu wengi wanakosomea.

Nimeanza na hili kwa sababu kwenye kikao tuliambiwa tatizo la vituo vyetu ni "upungufu wa maarifa", na kishikwambi ndiyo dawa yake. Usiku ule maarifa yalikuwamo chumbani mara mbili, kabatini na mfukoni. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatumia mbele ya watu. Ruhusa hiyo haimo kwenye programu yoyote mtakayonunua, na hakuna anayeweza kuitoa isipokuwa ninyi.

Kubadilika kwa maarifa kwenyewe si jambo geni kwetu. Aliyehitimu utabibu miaka ya tisini alifundishwa klorokwini. Mwaka 2001 akaambiwa aiache, atumie SP, vile vidonge vya aina ya Fansidar. Mwishoni mwa 2006 akaambiwa SP ibaki kinga kwa wajawazito, dawa ni mseto. Kwa malaria kali alilelewa na dripu ya kwinini, na matone yake aliyahesabu hadi usingizini, kisha hiyo nayo ikapisha artesuneti. Huyu mtu hajawa mjinga, amepitwa tu na karatasi ambazo hazikumfikia au zilimfikia zikiwa bango la mwaka usiojulikana. Mwongozo wa Taifa ulitoka 2017, ukatoka tena 2021. Nimewahi kukaa kwenye kituo ambako toleo la 2017 lilikuwa bado kwenye nailoni yake, limefungiwa kabatini lisichafuke, ufunguo anao mfawidhi, na mfawidhi yuko semina.

Kwa hiyo kishikwambi kinachojisahihisha chenyewe ni neema. Tena ushahidi wake umetoka hapa hapa nyumbani. Mnajua IMCI, utaratibu wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja, ule wa vijitabu vya chati na semina ya siku 11: tathmini iliyochapishwa 2004 ilionyesha kwamba Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako IMCI ilikuwa imeingia pamoja na kuimarisha uongozi wa wilaya, vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 ukilinganisha na Kilombero na Ulanga ambako ilikuwa haijafika. Baadaye chati hizo zikahamishiwa kwenye simu. Jaribio la ALMANACH la Dar es Salaam, lililochapishwa 2015, lilikuta watoto waliopewa antibayotiki siku ya kwanza ni asilimia 15 kwa matabibu waliotumia programu, na 84 kwa wasioitumia. Na watoto wa programu ndio waliopona zaidi ilipofika siku ya saba. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya ePOCT+, programu nyingine ya aina hiyo, katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Antibayotiki ziliandikwa kwa watoto 23 kati ya kila 100 kwenye vituo vyenye programu, na 70 kati ya kila 100 kwenye vituo visivyo nayo, na hali za watoto siku ya saba hazikutofautiana.

Namba hizo nadhani ndizo zilizowavutia, na ni haki zivutie. Lakini naomba msome na kilichoambatana nazo. Kule Mbeya na Morogoro programu haikwenda peke yake. Ilikwenda na kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, vipimo vya haraka vya CRP (kiashiria cha uambukizi kwenye damu) na vya wingi wa damu, mafunzo, na wasimamizi waliokuwa wakizungumza na vituo kuhusu takwimu zao wenyewe. Tabibu akiacha kuandika amoksilini alikuwa na kitu mkononi cha kumtia moyo: oksijeni iko sawa, CRP iko chini, nenda nyumbani mama, urudi akizidiwa. Kwenye mpango wetu nimeona kishikwambi, kava lake na stika ya mfadhili. Kifaa cha oksijeni kituoni kwetu ni kimoja, kiko leba, na betri zake tunanunua kwa mchango.

Mtaniambia dunia imeshasonga, sasa ni akili unde. Sawa. Jirani zetu wa Penda Health jijini Nairobi walijaribu msaidizi wa aina hiyo katika kliniki 15, mahudhurio 39,849, na matokeo yalitangazwa 2025: makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Wenye teknolojia hiyo, OpenAI, walikuwa miongoni mwa waandishi, kwa hiyo niliisoma nikiwa nimekunja uso kidogo. Hata hivyo nilipenda namna chombo kilivyokaa. Tabibu anaandika kama kawaida, chenyewe kinatazama kimya nyuma, kinaonyesha kijani, njano au nyekundu, na mwenye uamuzi anabaki kuwa tabibu. Nilipenda zaidi pale waandishi walipokiri kwamba kuwasha programu hakukutosha. Wakati wa kuanza matabibu waliipita nyekundu kama tunavyopita kibao cha "Usikojoe Hapa", hadi wenzao wa kazi hiyo hiyo walipopita kliniki kwa kliniki kuwaelekeza na kuwauliza kwa nini. Matabibu wenzao, si watu wa kompyuta.

Sasa turudi kwenye ruhusa, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Chukueni mgonjwa wa kawaida wa Jumatatu. Mtoto wa miaka mitatu, homa siku mbili, mafua, anacheza, anakunywa. Malaria hakuna. Nahesabu pumzi, hazifiki 40 kwa dakika. Kifua hakibonyei. Programu itaniambia: hana haja ya antibayotiki, mpe parasetamoli, mweleze mama dalili za hatari, arudi baada ya siku mbili homa ikiendelea. Ni jibu sahihi kabisa. Sasa msikilizeni mama: "Dokta, si umpime mkojo? Na taifodi?" Kwa sababu katika nchi hii, na ninyi mnajua, mtu mwenye homa asiye na malaria ana UTI, na asiye na UTI ana taifodi, na mwenye bahati ana zote mbili pamoja na "malaria moja". Kipimo cha Widal tunachotolea hiyo taifodi hakifai kutegemewa, tumeshaambiwa sana. Lakini kinaingiza pesa maabara, na mama anaondoka na jina la ugonjwa. Jina la ugonjwa ni kitu kikubwa. Mtu hasafiri kilomita 12 kwa bodaboda ili aambiwe mtoto ana mafua.

Nikifuata programu, mama ataondoka kwangu na parasetamoli, ataingia duka la dawa la kwanza barabarani atanunua nusu dozi ya kitu chenye rangi. Akifika nyumbani atasema: "Kile kituo siku hizi hawajui kitu. Daktari ananitibu huku anaangalia kwenye tableti." Maneno hayo yatafika kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Mjumbe mmoja ni rafiki wa diwani. Diwani atasimama kwenye baraza la madiwani aseme kata yake imeletewa matabibu wa kugugo. Jioni simu itatoka wilayani kwenda kwa mfawidhi, na kesho yake mfawidhi ataniambia, kwa upole wa mtu anayekulinda: "Ndugu yangu, wape tu dawa, yaishe."

Hapo mradi wote utakuwa umekufa. Kishikwambi kitakuwa kimejaa chaji, kimesasishwa, na takwimu zake kwenye mfumo zitapendeza, maana tutajifunza haraka sana kuijaza mchana wagonjwa wakishaondoka.

Ndiyo maana naomba kazi ianzie kwa watu kabla ya mashine. Nendeni kwanza kwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, kamati za vituo, na redio za jamii zinazosikika huku. Wasemeeni matabibu wenu kwa vinywa vyenu wenyewe, kwa Kiswahili kinachoeleweka: mtabibu akifungua mwongozo mbele yako anafanya tulichomwagiza, na asipofungua ndiyo umuulize kwa nini. Bandikeni hivyo mlangoni pa OPD, kwa wagonjwa wa nje, juu, kwa herufi kubwa, na muhuri wa mkoa. Bango hilo moja lingenifaa usiku ule kuliko taa.

Halafu kuna ruhusa ya pili, ya ndani ya nyumba yetu. Tumelelewa kwenye raundi za wodini ambako ukiulizwa dozi ukasema "sina hakika" unageuzwa mfano wa wiki nzima. Wapo wakaguzi wanaokuja kwa jina la usimamizi shirikishi, na ushirikishi wenyewe ni kuulizwa maswali mbele ya muuguzi uliyemwongoza asubuhi. Mtu aliyepita humo hawezi kufungua kitabu mbele ya mwenzake hata ukimlipa. Daktari, hili unaweza kulivunja kwa siku moja bila bajeti. Ukija kituoni kwetu, tukuletee mgonjwa mgumu, utoe simu yako, utazame dozi mbele yetu sote, useme kwa sauti, "Nimesahau, hebu tuangalie." Habari hiyo itafika wilaya zote saba kabla gari lako halijafika lami.

Sasa mambo ya mezani, na mengine nitayapita haraka.

Lugha. Programu nyingi nilizoziona zimeandikwa Kiingereza tupu, na jibu la wataalamu ni kwamba matabibu wamesoma kwa Kiingereza. Ni kweli, majina ya dawa na vipimo yaacheni yalivyo. Ukinitafsiria "gentamicin" utanipoteza. Lakini mama hakusoma kwa Kiingereza, na maswali anaulizwa yeye. Skrini ikiandika "convulsions" kila tabibu atatafsiri kwa namna yake. Mmoja atauliza "amestuka-stuka?", mwingine "ana kifafa?", mwingine "amepata degedege?" Hayo ni maswali matatu tofauti kwa mama mmoja. Na kwa baadhi ya mabibi wa huku neno degedege lina mambo yake: ni ugonjwa wa mdudu, wa shetani, wa dawa za kienyeji, na mtoto akichomwa sindano akiwa nayo anakufa. Ukiuliza vibaya utajibiwa "hapana" na mtu anayekuficha ili kumwokoa mtoto wake. Chombo kitaandika hapana, na kitaendelea kwa ujasiri kuelekea jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo sehemu ya maswali na ya ushauri kwa mama iwe Kiswahili, iandikwe na watu waliokaa kwenye foleni hizi, na ijaribiwe kwa mama halisi. "Mbavu zinabonyea akivuta pumzi" inaeleweka. "Mvutiko wa kifua wa ndani" hata mimi sijui ni nini, na nimeuona umeandikwa.

Dawa. Kuna programu nzuri sana duniani. UpToDate, iliyoanzishwa na Burton Rose mwaka 1992, nimeisoma nilipopata nafasi na sijawahi kutoka mikono mitupu. Ila imeandikwa ikifikiria hospitali yenye kila kitu. Ikinishauri CT scan ndani ya saa moja, mimi saa hiyo niko natafuta mafuta ya gari la wagonjwa. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inaonyesha kila dawa inaanzia ngazi gani, A ya zahanati, B ya kituo cha afya, C ya hospitali ya wilaya, na kuendelea. Programu ifungwe kwenye orodha hiyo, ijue imewashwa kwenye kituo cha ngazi gani, na iwe na jibu la "kama dawa hii haipo", kwa sababu itakuwa haipo. Bohari ya Dawa wanajitahidi, lakini sote tumeshaona fomu ya oda ikirudi nusu yake imejazwa sifuri.

Vitabu. Mgonjwa mmoja wa nje leo naandika jina lake kwenye rejista ya karatasi ya MTUHA, kitabu namba 5, kwenye GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya Serikali, mtandao ukikubali, kwenye fomu ya bima kama anayo, na kwenye rejista ya maabara. Kishikwambi kitakuwa cha tano. Jumatatu nina benchi mbili zimejaa na wengine wamekaa chini ya mwembe. Siwaombi muongeze watumishi, najua majibu ya hilo. Naomba siku kishikwambi kinaingia, kitu kimoja kitoke, kwa maandishi yenye saini. Kama programu haiwezi kuzungumza na GoTHoMIS ili jina liandikwe mara moja, basi bado haijawa tayari na isiletwe.

WhatsApp. Hapa nakiri kosa letu wenyewe. Chombo halisi cha maarifa cha mkoa huu kwa sasa ni makundi ya WhatsApp. Humo zinapita picha za vidonda, za eksirei, za kadi zenye majina kamili ya wagonjwa, na majibu yanategemea nani hajalala. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika tunajua hatuko salama, na bado tunafanya, kwa sababu saa nane usiku kundi linajibu na mwongozo haujibu. Mkilipiga marufuku bila kutupa mbadala tutahamia Telegram. Programu iweke mahali pa kumuuliza binadamu: daktari mmoja wa zamu wa mkoa, kwa jina la cheo chake, anayelipwa posho ya usiku huo. Wauzaji wa programu hawatawaambia hili maana halimo kwenye bidhaa yao, lakini mashine ikifika mwisho wa akili yake mtu wa kuuliza ndiye anayebaki.

Kumbukumbu za matumizi. Programu itaandika kila nilichobonyeza. Nitakapopinga ushauri wake, itaandika. Kuna siku nitapinga kwa haki, kwa sababu nimemwona mtoto na yenyewe haijamwona. Naomba tamko kabla ya siku ya kwanza kwamba kumbukumbu hizo ni za kujifunzia, hazitaingia kwenye upimaji wa utendaji wangu, wala hazitatumika kumhamisha mtu. Msipotoa tamko hilo, matabibu watatii skrini ili wawe salama wao, na tutakuwa tumempata mtu anayeongozwa na mashine badala ya mtu anayeiuliza. Mkitaka kupima kama mradi unafanya kazi, acheni kuhesabu nani kaingia mara ngapi. Hesabuni watoto wangapi wenye mafua wameondoka na antibayotiki, wangapi wenye dalili za hatari wamepewa rufaa siku hiyo hiyo, na mama wangapi wakiulizwa getini wanaweza kutaja dalili mbili za kurudi haraka.

Mwenye mali. Nani atailipia miaka miwili baadaye, na nani atabadilisha dozi Wizara ikibadilisha? Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya tiba kwa simu iliyoandikisha watu zaidi ya milioni mbili. Kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka mwaka 2023, huduma ikazimika. Kigali hawakuwa wamekosea kutibu. Aliyefilisika ni mtu wa mbali. Mkataba wetu useme maandishi ya mwongozo na takwimu ni mali ya Serikali, na programu ifanye kazi bila intaneti hata siku kampuni ikifunga milango. Kuna stoo moja wilayani, sitaitaja, ina vishikwambi vya mradi wa miaka iliyopita vimepangwa vizuri kama vitabu vya maktaba. Nimeuliza neno la siri ni nani analijua. Alishahama.

Na mafunzo: tafadhali msichukue mtu mmoja kila kituo mkampeleka hotelini siku tano, eti akirudi afundishe wenzake. Mnajua wanaokwenda ni kina nani, na mnajua wakirudi wanafundisha nini. Leteni mtu kituoni, akae na sisi wiki, aone foleni, aone umeme ukikatika saa nne, aone muuguzi wa zahanati anayetibu peke yake kwa sababu tabibu hayupo. Huyo muuguzi msimsahau. Kwenye karatasi yenu mmeandika "madaktari na matabibu", lakini usiku atakayekuwa na kishikwambi mkononi ni yeye.

Nimalizie na ombi linalotekelezeka. Kabla ya kununua vya mkoa mzima, chagueni vituo sita: hospitali moja ya wilaya, vituo vya afya viwili, zahanati tatu, moja iwe kule ambako gari haliendi masika. Chetu nakitolea, mfawidhi wangu nimeshamwomba na amekubali kwa mdomo. Tutaitumia kwa miezi sita, msimu wa mvua ukiwamo. Na Jumatatu yoyote, Daktari, karibu chumba namba 2 saa moja na nusu asubuhi, uje bila msafara. Kiti cha pili kipo, mguu wake mmoja umefungwa kamba lakini unabeba. Ukikaa hadi saa sita utakuwa umeona wagonjwa kama arobaini, na utajua maswali ya kuwauliza wauzaji kuliko mimi ninavyoweza kuyaandika.

Bango la artesuneti nimelibandua. Nimeandika jipya kwa kalamu ya wino mzito, lina tarehe chini.

Naomba kuwasilisha.

Tabibu, kituo cha afya, mkoani kwenu